Yoti Isiyopewa Radhi

Alhamisi moja ya mwaka 1966, baada ya sala ya alasiri, Muhdhar alikuwa barazani kwake Mji wa Kale akipepea makaa ya kahawa, yoti, chombo cha matanga cha kustarehea, ilipoingia uchochoroni kutoka baharini. Ilikuja taratibu, ubavu ukikwaruza chokaa ya ukuta, mlingoti umenasa kanga mbili za Mejumaa wa ghorofani. Ndani mlikuwa na watalii wanane na Mutunga, karani wa kampuni ya kukodisha yoti, ameshika ramani juu chini.

"Hodi, mzee," Mutunga akasema. "Tulikuwa tunakwenda Kilifi."

"Karibu. Hapa si Kilifi."

"Naona."

Yoti ile aliiunda Muhdhar mwenyewe kwa miezi kumi na mmoja, yeye na mafundi wake watatu. Kwao kuna desturi: chombo hakishuliwi majini mpaka aliyekiunda akipige makofi matatu ya omo, pale mbele, na kukipa radhi, kama binti anayeolewa. Lakini Bwana Kendrick, mwenye kampuni, aliifanyia sherehe kilabuni, na askari wa mlangoni hakuliona jina la Muhdhar kwenye orodha. Wakaivunjia chupa ya mvinyo ubavuni, kwa desturi yao. Makofi yalipigwa, ila waliyapiga wageni, tena wakipigia hewa. Na kitu kisichoagwa hurudi nyumbani, hilo Mji wa Kale hata mtoto analijua.

Ikarudi Alhamisi ya pili, na ya tatu. Mwenye mkokoteni wa maji hakujua apite kushoto au kulia. Watalii waliuliza pomboo wataonekana saa ngapi, wakapewa tende. Mejumaa akaamua mlingoti unakausha vizuri kuliko kamba, akaanza kuanika na mashuka.

Muhdhar hakukerwa na yoti. Alikerwa na kibao cha shaba kilichopigiliwa ubavuni: Imeundwa Uingereza. Bwana Kendrick alikwishaeleza kwamba wateja wake hustarehe zaidi juu ya mbao za kwao. Sasa kampuni ilitaka yoti tatu nyingine, na bila kazi hiyo karakana ya Muhdhar ilikuwa inafungwa.

"Mwambie bwanako," alimwambia Mutunga, "jina langu liandikwe, na hizo tatu niunde miye. Nami nitaipa hii radhi papo hapo, iende zake Kilifi."

Alhamisi iliyofuata Mutunga alijibu bila kushuka.

"Kibao hakibadiliki, mzee. Na zile tatu zimeagizwa Uingereza, kwa sababu..." Alikohoa. "Kwa sababu hii ya kwanza waliiunda vizuri sana."

"Waliiunda kina nani?"

"Waingereza."

"Mutunga, wewe ulikuwa ukija hapa kila wiki kutazama mbao."

"Nilikuja. Hata mimi sielewi, mzee."

Zile tatu zikaja. Zilikwenda Kilifi na kurudi, wala hazikumtembelea mtu. Karakana ikafungwa, mafundi wakatawanyika. Mmoja anauza mihogo Feri. Yoti ya kwanza iliendelea kuja, na Bwana Kendrick akaiongeza kwenye tangazo: kahawa ya kienyeji, kila Alhamisi.

"Ipe radhi iende zake," Swabaha, mkewe, akamwambia. "Mlango wetu tumeukosa."

"Nikiipa, ni nani tena atakayejua nimeiunda miye?"

"Basi waambie hawa."

"Hawa ni wageni, Swabaha. Mgeni humbishii mlangoni pako."

Akapanga vikombe. Bibi mmoja wa Kizungu aliisifu sana kazi ya mbao, Mutunga akamsomea kibao. Kisha bibi akamnyooshea Muhdhar kidole, akauliza huyu mzee ni nani.

Mutunga akaitazama yoti, akamtazama Muhdhar, akaitazama ramani.

"Muuza kahawa," akasema.

Kiingereza cha kiasi hicho Muhdhar alikijua. Yoti ilimwegemezea omo begani, kama ilivyozoea. Akaisogeza kidogo kwa kiwiko, isije ikamwaga kahawa, akamtilia bibi kikombe cha pili.