Maji Baridi na Chumvi

Damu haitolewi kwa maji ya moto. Ukiichemsha inaganda kwenye uzi, na hapo utasugua mpaka kucha zikutoke. Dawa yake ni maji baridi na chumvi, kisha unasugua kutoka pembeni kuja katikati. Dobi alifundishwa hivyo na mama yake, na asubuhi ile alipiga magoti uani akaifua blauzi ya binti yake mara nne, meno ameyauma. Vifungo vitatu havikuwepo. Kwenye kola zilinasa nywele zilizong'olewa pamoja na mizizi yake. Alizitoa moja moja akazitupa kwenye mfereji.

Ndani, Kitinda alilala ameelekea ukutani. Alikuwa kitindamimba wake, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, karani wa stoo katika kiwanda cha biskuti ambako mama yake alifua ovaroli za wafanyakazi. Mdomo ulikuwa umepasuka, jicho moja limefumba, na shingoni vidole vya mtu vilikuwa vimeacha alama zote tano. Tangu arudi jana yake jioni alikuwa amesema maneno mawili tu: "Msimamizi. Stoo." Mama yake alichemsha maji akamwogesha kama alivyomwogesha alipokuwa kichanga, kila mahali, mpaka maji yakatoka meupe.

Mama gani asingefanya hivyo?

Hospitalini waliingizwa kwenye chumba kilichokuwa nusu ofisi, nusu ghala la vitanda vibovu. Nesi alikuwa peke yake. Alimpima Kitinda polepole, akiomba ruhusa kila alipotaka kumgusa, kisha akamgeukia mama.

"Nguo alizovaa mmekuja nazo?"

Dobi akatoa blauzi. Ilikuwa imepigwa pasi na kukunjwa, inanukia sabuni. Nesi aliiangalia, akavuta kiti akaketi.

"Mama, umeifua."

"Nimetoa yote. Hakuna hata doa."

"Na yeye ameoga?"

"Nimemwogesha kwa mikono yangu."

Nesi hakumgombeza. Alinyoosha kidole kwenye bango lililobandikwa ukutani, akamsomea, maana Dobi kusoma hakujaliwa. Usioge. Usifue nguo. Zifunge kwenye karatasi, uje nazo zilivyo. "Hayo mabango tulipeleka kiwandani kwenu katoni nzima," alisema. "Msimamizi wenu alisaini kwamba nyote mmefundishwa."

Dobi aliikumbuka semina ile. Soda moja kila mtu, picha ya pamoja, dole gumba kwenye karatasi, haya, rudini kazini. Mabango yenyewe yalitandikwa kwenye meza yake ya pasi, maandishi chini. Mwaka mzima alikuwa anayapigia pasi mgongoni.

Halafu akakumbuka jambo jingine. Jana yake saa kumi, kabla binti hajarudi nyumbani, Msimamizi alimletea ovaroli yake, namba saba, ina damu mikononi. "Nimejikata na bati," alisema. Na yeye Dobi akamjibu, "Pole, mwanangu," akaitia chumvi, akaifua ikang'aa.

Nesi aliwapa vidonge vya kuzuia virusi vya UKIMWI, vya siku ishirini na nane. "Asiruke hata siku moja, na asimeze na tumbo tupu." Kituo cha polisi, askari wa zamu aliandika mstari mmoja: hakuna kielelezo.

Kesho yake Dobi alimngoja Msimamizi chumba cha pasi. Alipoingia, Dobi akamtemea mate usoni. Msimamizi alijifuta bila haraka. Akamshika kiganja, akakilaza mezani, akashusha pasi juu yake. Dobi alipiga ukelele mpaka sauti ikakatika. Wanawake wawili waliokuwa wakikunja nguo waliendelea kukunja, machozi yakiwadondoka kwenye nguo safi.

"Ajali kazini," Msimamizi aliwaambia. "Mama apelekwe nyumbani, Jumatatu arudi. Dobi mzuri kama huyu nitampata wapi?"

Jumatatu alirudi. Hakurudi kwa sababu alisamehe, asikudanganye mtu. Alirudi kwa sababu vidonge vinataka chakula.

Wiki ya tatu, kwenye lundo la Ijumaa, ovaroli namba saba ilikuja ina damu kifuani. Kwenye kifungo palinasa msuko mwembamba mwekundu. Kitinda alikuwa nyumbani, na hakuwa na nywele za rangi ile.

Dobi alifunga bomba. Akang'oa bango moja mezani, akaifungia ovaroli humo kama alivyoambiwa, akatoka nayo mchana kweupe, kifurushi kifuani, mkono wenye bandeji juu yake.

Askari alikuwa yuleyule. Aliifungua karatasi kwa ncha ya kalamu.

"Damu ya nani?"

"Ya mtoto wa mtu. Mtafuteni kiwandani, ana misuko myekundu."

"Amekuja kulalamika?"

"Atakujaje, baba, kama amefungiwa stoo?"

"Hakuna mlalamikaji." Alitazama mkono wa Dobi uliofungwa, kisha akautazama mlango. "Na umetoka na mali ya kiwanda bila kibali. Nikitaka nakuweka ndani sasa hivi."

"Niweke. Lakini andika kwanza tarehe niliyoileta."

Askari alicheka, si kwa ubaya sana, kama anayemcheka mtoto. Aliikunja ovaroli ndani ya bango, akaisukuma juu ya kaunta hadi ikamgusa Dobi tumboni.

"Hii ni nguo chafu tu, mama. Wewe si dobi? Kafue."

Dobi hakuondoka. Alisimama pale ameikumbatia, akawa anasema tarehe ya siku ile kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili, na kalamu haikuguswa. Na mahali fulani katika mji huo, saa ileile, mama mwingine alikuwa amepiga magoti uani, anasugua kutoka pembeni kuja katikati.