Shikamoo Arobaini

Majaribio madogo yalipita yote. Hayo yanapima kila kipande cha programu peke yake, kwa seva ya uongo inayoitikia kila kitu kama mgeni mwenye aibu. Kasheshe ilikuwa majaribio makubwa: programu yetu itume meseji za kweli kwenye simu ya kweli, na simu irudishe maneno yale yale. Yakirudi mengine, jaribio linawaka jekundu.

Bosi, tunayemwita Mama Kijani, alishaniambia: "Mpaka saa sita nataka kijani tupu. Nikikuta jekundu, ajira sahau."

Simu ya majaribio ikafa. Nikamwomba shangazi yangu, mgeni wetu, aliyekuwa kwenye kochi letu akitazama tamthilia, anipe simu yake. Nikaiwekea kiprogramu cha kurudisha meseji, nikamrudishia, maana haachani nayo hata jikoni. Meseji ya kujaribu? Kwa utani nikaandika "Shikamoo shangazi." Iende mara arobaini.

Jekundu. Jekundu. Jekundu.

Kuchungulia, kila meseji inayorudi imefuatwa na "Marahaba mwanangu."

"Shangazi, usijibu! Simu inajibu yenyewe!"

"Kwani simu ndiyo shangazi yako? Uniamkie, ninyamaze? Nina kisirani?"

"Siyo mimi, ni kompyuta!"

"Basi imekushinda adabu. Marahaba!"

Akaendelea kubonyeza, kidole kimoja, miwani puani. Moja akaiongezea "Umekula?" Nimekaa mbele yake, sahani yangu anaiona!

"Nipe hiyo simu kidogo tu."

"Iguse uone."

Saa sita hiyo inagonga hodi. Nikafuta shikamoo, nikaandika: "Shangazi, Jumamosi nahamia kwako na wenzangu sita." Nikabonyeza.

Ting. Akasoma. Akavua miwani, akailaza simu kifudifudi pajani, akaikodolea macho tamthilia, ambayo ilishaisha. Lilikuwa tangazo la sabuni. Ting, ting, ting. Hata kope haikucheza.

Kijani! Zote arobaini, kijani!

Mama Kijani akapiga: "Kesho njoo usaini mkataba."

"Shangazi, nimeajiriwa!" Nikaruka juu kama chura.

Sabuni inamkolea.

Halafu kompyuta yangu ikalia. Meseji imetoka kwenye simu yake, na safari hii siyo kiprogramu, kidole nimekiona kikihangaika chini ya mto wa kochi:

"Mwenye simu hii amesafiri. Hajulikani atarudi lini."