Kadi ya Dada

Kwenye mlango wa chumba cha uzazi wa mpango palibandikwa karatasi: huduma ni bure, ila aliye chini ya miaka kumi na minane aje na mzazi.

Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Dada yake alikuwa na ishirini na mbili, na walifanana kama shilingi kwa ya pili. Asubuhi hiyo Binti aliichomoa kadi ya kliniki ya dada chini ya nguo za dada, akaikariri tarehe ya kuzaliwa njia nzima. Kurasa za ndani hakuzisoma.

Kwenye benchi mama mmoja alimtazama juu mpaka chini.

"Wewe umemsindikiza nani?"

"Nimekuja mwenyewe, shikamoo."

"Marahaba. Haya, siku hizi vifaranga vinatangulia mama yao."

Wenzake wakacheka. Binti alitazama sakafu mpaka akaitwa.

Nesi alikuwa mtu mzima, mpole. Aliuliza umri, akauliza tarehe ya kuzaliwa. Binti alijibu bila kugugumia. Kisha nesi akafungua kadi.

"Mbona ulichomwa sindano wiki tatu zilizopita, mwanangu? Hii ni ya miezi mitatu. Bado."

Binti hakujua kama dada naye huja hapa.

"Naomba nyingine."

"Nyingine ya nini? Dawa si chumvi, useme haijakolea."

"Labda walikosea kuandika."

"Huu ni mwandiko wangu." Nesi alimtazama usoni, kisha akaitazama sketi yake ya shule chini ya koti. Akasukuma mlango ukajifunga. "Kadi ya nani hii?"

"Ya dada."

"Basi njoo na mama. Nitaongea naye mimi, taratibu."

"Mama hajui kama dada anachoma sindano. Nikimleta mimi, na dada ataumbuka."

Mwaka uliopita nesi mwenzake alimchoma msichana aliyekuja peke yake. Baba wa msichana akaja na kelele mpaka kwa mganga mkuu, na yule mwenzake akahamishwa mbali na watoto wake. Sindano zilikuwa kwenye boksi, karibu na kiwiko cha nesi. Alifungua droo, akatoa pakiti ya kondomu.

"Chukua hizi."

"Yule mwanamume hataki hizo."

"Basi mkatae."

"Nimeshamkataa, mama. Mara mbili."

Nesi alirudisha kadi, na juu yake akaweka ile pakiti. "Rudi na mtu mzima yeyote. Hata shangazi."

Binti aliacha pakiti mezani, akachukua kadi tu.

Miezi mitano baadaye nesi alipangiwa zamu chumba cha wajawazito, mlango unaofuata. Binti aliingia wa nne, peke yake, amevaa gauni la dada yake. Nesi alimsaidia kupanda kitandani, akampima tumbo, akachukua kadi mpya.

"Umri?"

"Kumi na sita." Alisubiri. "Mama yuko kazini. Nirudi naye?"

"Hapana," nesi alisema. "Huku mzazi hatumuulizi."

Akaandika kumi na sita, akamwonyesha pa kulipata dirisha la vidonge vya kuongeza damu, akamwita wa tano.