Arobaini na Mbili Kila Siku

Saa tatu asubuhi mlinzi alipiga simu ofisini akasema kuna mama getini anadai ni namba arobaini na saba. Nilimwambia amwulize vizuri, kwa sababu namba arobaini na saba alikuwa ndani anashona. Kadi yake ya jana ilikuwa mezani kwangu, ina vikaratasi arobaini na viwili, kama kawaida yake.

"Nimuulize nini tena?" mlinzi akasema. "Amekuja na mkongojo, jasho linamtoka, na anamtaka yule Digrii."

Digrii ndiye mimi. Mafundi walinipa jina hilo wiki ya kwanza, na nililipenda kuliko walivyokusudia.

Nilikuwa na miezi minne ya majaribio katika kiwanda kile cha mashati ya shule. Meneja alinipa kazi moja tu: nichunguze kinachomfanya mfanyakazi ajitume au alegee, kisha nimwandikie ripoti. Ikimridhisha, angetia saini barua yangu ya ajira ya kudumu, ambayo ilikwisha kuchapwa. Mama yangu alikuwa ameshawaambia majirani kwamba imetiwa saini. Ripoti ilitakiwa siku hiyo hiyo, saa nane mchana.

Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akijua anatazamwa hubadilika. Kwa hiyo, kwa uaminifu wangu wote, niliamua kutowatazama. Nilikaa juu ofisini nikasoma kadi. Kila fungu la kola likishonwa, fundi huchana kikaratasi chake na kukibandika kwenye kadi yenye namba yake, na jioni karani huhesabu. Kadi isipofika arobaini kwa siku sita mfululizo, namba inafutwa, na mwenye nayo anaanza upya kwenye foleni ya wanaosubiri kazi nje ya geti.

Mafundi wote kadi zao zilipanda na kushuka. Namba arobaini na saba pekee, wa laini ya tatu, safu ya cherehani nane, alikuwa hapandi wala hashuki. Arobaini na mbili, kila siku, miezi mitatu. Nilimchorea mchoro ukurasa wa nne wa ripoti, mstari ulionyooka kama umepigwa rula, na nikaandika chini yake kwamba huyu ni mtu anayesukumwa na heshima ya kazi yake. Kila Ijumaa, mafundi wakienda kula, nilishuka, nikainua kitambaa cha maua kilichofunika cherehani yake, nikadhani ni unadhifu wake tu, nikamwachia barua fupi chini ya sindano. Nilimwandikia kwamba yeye ni nguzo. Nilimwandikia aendelee hivyo hivyo. Nilikuwa nikipanda ngazi kurudi ofisini nimejaa furaha, naona kweli nimemgusa mtu.

Nilishuka getini. Mama yule alikuwa amekaa kwenye benchi la mlinzi. Mkono wake wa kushoto ulilala mapajani kama kitu alichopewa amshikie mtu, na upande mmoja wa mdomo ulichelewa kidogo kuufuata mwingine.

Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akafungua mfuko wake kwa mkono wa kulia, akatoa barua zangu. Zote, zimefungwa pamoja kwa uzi mweupe wa kola.

"Hizi zako, mwanangu," akasema. "Nimezirudisha. Haziwezi kukaa nyumbani kwangu."

Nilizipokea. Mwandiko ulikuwa wangu.

Alinieleza polepole, akipumzika katikati ya maneno. Miezi mitatu iliyopita, asubuhi moja akijiandaa kuja kazini, alianguka jikoni kwake. Kiharusi. Wenzake wa laini ya tatu walikwenda kumwona wakamwambia asihofu, namba yake ipo. Alidhani wamemwombea kwa Meneja. Mshahara ulipokuja alidhani kiwanda kimemhurumia. Kisha Mama Kola, kiongozi wa laini, akaanza kumpelekea barua zangu kila Jumamosi ili zimpe nguvu ya kufanya mazoezi. Ndipo aliposoma kwamba anashona mafungu arobaini na mawili kwa siku.

"Nikakaa nikapiga hesabu," akasema. "Wenzangu ni saba. Saba mara sita." Akanitazama bila ubaya. "Wewe una digrii, mwanangu. Hukugawanya?"

Sikugawanya. Nilikuwa na kadi zote nane mezani, na nilichofanya ni kuusifu mstari kwa kunyooka.

Sasa ndipo aliponieleza kilichomtoa nyumbani. Katika barua ya mwisho nilimwahidi kwamba siku hii Meneja ataijua namba yake, na ataitwa mbele ya wafanyakazi wote apongezwe. Niliiandika nikitabasamu. Yeye aliisoma kama mtu anayesoma hukumu, na sio yake peke yake. Anayebandika kikaratasi kwenye kadi isiyo yake hufukuzwa siku hiyo hiyo, na hapo wangekuwa saba.

Alitoa kitu kingine mfukoni: kola, ameishona mwenyewe kwa mkono, wiki hiyo. Mshono ulikwenda kama njia ya mlevi. Lakini ulianzia mwanzo ukafika mwisho.

"Mwezi uliopita sikuweza kushika hata kitambaa," akasema. "Mwisho wa mwezi huu nakuja kujaribu. Nikishindwa, namba nitaileta mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Mpaka siku hiyo isitoke mdomoni mwako. Si kwa Meneja, si kwa mtu. Niahidi."

Nikamwahidi. Haikunichukua hata dakika. Mlinzi, ambaye muda wote alikuwa ameinamia daftari lake kama mtu asiye na masikio, alimwinua mama yule kwa kumshika kiwiko na kumtafutia usafiri.

Mimi sikurudi ofisini. Niliingia kwenye ukumbi wa kushonea, wakati wa kazi, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kelele za cherehani zilinipiga kifuani. Laini ya tatu ilikuwa mwisho kabisa, karibu na dirisha. Wanawake saba wameinama. Cherehani ya nane imefunikwa kile kitambaa cha maua, imepanguswa vumbi, na kiti chake kimewekewa mto. Ilikuwa hivyo kila siku, pale pale, ngazi ishirini na mbili chini ya meza yangu.

"Leo Digrii kaja kupima pumzi zetu," mmoja akasema, na wenzake wakacheka. Halafu wakaona barua mkononi mwangu, na cherehani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Niliinama karibu na Mama Kola, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba mwenye barua amekuja, na kwamba sitasema. Kisha nikamuuliza swali nililopaswa kuuliza miezi minne iliyopita: kwa nini? Nilitegemea jibu kubwa. Nilikuwa tayari hata kulia.

Mama Kola alikata uzi kwa meno. "Tulianza kwa siku moja. Tulijua kesho yake atarudi. Hakurudi, tukatoa tena. Baada ya wiki, sasa nani angekuwa wa kwanza kusema mimi leo sitoi?"

"Mimi nisingeweza kusema," akadakia Kidole, aliyeitwa hivyo kwa sababu sindano ilimla ncha ya kidole cha shahada. "Na huyo mama simpendi, ujue. Aliwahi kuniita mchawi mbele ya watu kwa ajili ya mkasi. Akirudi nitamdai aniombe radhi. Lakini lazima arudi kwanza."

Wakacheka tena, taratibu. Mimi sikuweza. Nilikuwa nimekumbuka ukurasa wa tatu wa ripoti yangu. Humo niliandika kwamba mafundi saba wa laini ya tatu walishuka ghafla miezi mitatu iliyopita, wote pamoja, na kwamba sababu yake ni uvivu unaoambukizana. Nilimtaja Kidole kwa namba yake. Nilipendekeza laini ivunjwe, na mafundi watawanywe sehemu nyingine ili wajifunze bidii. Hakuna shati hata moja lililokosekana kiwandani. Kila kikaratasi kilikuwa na kola yake. Mafungu sita yaliyopungua kwenye kila kadi yalikuwa ndiyo yale niliyokuwa nikiyashukuru kila Ijumaa kwenye kadi nyingine.

Nilipanda juu. Nilichomoa pini ya ripoti. Nilitoa ukurasa wa tatu na wa nne, nikazikunja na kuziweka ndani ya blauzi. Zilibaki kurasa mbili: utangulizi na shukrani kwa uongozi.

Saa nane Meneja alinikaribisha vizuri, akaniagizia hata chai. Si mtu mbaya. Barua yangu ilikuwa mbele yake na kalamu juu yake. Alizigeuza zile kurasa mbili, akatazama nyuma yake kama kuna kitu kimejificha, akauliza kama mashine ya kuchapia imeharibika tena.

Nilimwambia nilikosea. Niliandika sababu za watu kabla sijawaona, na nisingeweza kumpa kitu ninachojua si kweli.

Alisema sawa, makosa yapo, hayo tutayarekebisha. Lakini habari za yule fundi niliyemsifu kwake wiki iliyopita bila kutaja namba, asiyeshuka hata siku moja, alikwisha kumsimulia mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda anataka picha yake ibandikwe mlangoni. Nimpe huyo tu, na mengine yatasubiri.

"Siwezi kumtaja, bosi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi."

Chai yangu ilikuwa bado inatoa moshi. Kwa mara ya kwanza nilimfikiria mama yangu, na majirani wake, na jinsi atakavyosimama dirishani jioni akisubiri niingie.

Meneja alisogeza kalamu pembeni. Akaniambia muda wangu wa majaribio unakwisha Ijumaa, na bila ripoti hana cha kuwaonyesha wakubwa. Mimi ni kijana, nina akili, nisijiharibie kwa namba moja. Kisha akaniuliza mara ya mwisho, kwa upole, kama anayemnyooshea mkono mtu aliyeteleza.

"Namba ngapi?"

Nilivua kitambulisho cha getini shingoni, nikakiweka mezani juu ya zile kurasa mbili, nikamshukuru kwa chai.