Upawa wa Salfa

Usiku wa kuamkia Ijumaa niliota nimeingia ndani ya chupa ya maabara na viatu miguuni, na chupa ikakasirika.

"Huku tunavua," ilisema.

Niliomba radhi, nikavua. Mimi ni mtu wa adabu, ingawa kitabu cha makosa cha shule yetu kina maoni tofauti.

Ndani kulikuwa na joto la kukaangia maandazi. Katikati alisimama Kipimajoto, mwembamba, shingo nyekundu, ameshika fimbo ya mwalimu wa zamu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nyuzi mia na themanini."

Kisha chupa inakuwa bwalo letu la chakula. Sioni ajabu. Chembe za kadimiamu, ile metali ya maabara, zimepanga mstari, kila moja na sahani yake, zinasubiri salfa. Nazitazama vizuri: ni kidato cha tano kizima. Mbele yuko Mgaya, golikipa wetu na rafiki yangu. Nyuma kabisa yuko Nyalusi, ambaye kitanda chake kinapakana na changu. Hatujasemezana tangu anitaje kwa walimu kuhusu mbuzi wa jukwaani. Naomba haki itendeke: mbuzi alipanda jukwaani mwenyewe, mimi nilimvalisha tai tu.

Kipimajoto ananikabidhi upawa na sufuria ya salfa. Sufuria inanuka mayai viza. Bwalo zima linanigeukia.

"Si mimi," nasema.

"Wote husema hivyo," sufuria inajibu.

"Sikiliza, Luhanga," Kipimajoto alisema. "Salfa inamwagwa yote kwa mkupuo. Wakipata wakati mmoja, wanageuka fuwele pamoja na kulingana kimo. Huku rangi ya mtu ni kimo chake. Mdogo sana huwaka zambarau, wa wastani huwaka bluu, aliyevimba hubaki wa manjano na hawaki kabisa. Tunataka bluu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwalimu."

Na kweli nilielewa. Tatizo ni kwamba upawa ulikuwa mkononi mwangu, na mimi nimekuwa kiranja wa chakula kwa mihula miwili. Nikaanza kupakua kama tunavyopakua maharage: rafiki anazamishiwa upawa hadi chini, asiye rafiki anakwanguliwa povu la juu.

Mgaya alipata pawa tatu. "Ongeza hapo, mzee," alisema, nikaongeza.

Nyalusi alipofika, nilimpa harufu.

"Hii ni nini?"

"Mchuzi."

"Luhanga, hii ni hewa."

"Sogea, wenzako wanasubiri."

Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Mgaya akaanza kukua. Alitoka pembe mabegani, akatoka pembe magotini, kichwa kikagusa dari, na mwili wote ukawa wa manjano kama dumu la mafuta ya kula. Nyalusi alibaki kama punje ya chumvi, anawaka zambarau kwa taabu.

"Sasa utaona," Kipimajoto alisema, kama anayesoma ratiba ya usafi. "Wasipolingana, wadogo huyeyuka, na kilichoyeyuka huenda kujibandika kwa wakubwa. Ni sheria tu. Hakuna anayechukiwa."

Nyalusi anayeyuka kuanzia vidole vya miguu. Anatazama vidole vyake vikivuka sakafu, kimoja nyuma ya kingine, na kupanda mguu wa Mgaya.

"Mgaya, rudisha vidole vyangu."

"Sijavichukua, kaka. Vinakuja vyenyewe." Mgaya alionekana kuona aibu kabisa, huku akizidi kunenepa.

Nyalusi alinigeukia.

"Ulikuwa unajua?" aliniuliza.

Nilitafuta jibu la kuchekesha. Mimi sijawahi kukosa jibu la kuchekesha, hata mbele ya mkuu wa shule. Safari hii nilimgeukia Kipimajoto.

"Mwalimu, hakuna dawa?"

"Kuna sweta."

Bwalo likawa stoo ya bweni. Kwenye msumari ilining'inia sweta moja, imefumwa kwa asidi itokayo kwenye mafuta ya zeituni, imejaa mikia mirefu kama nywele. Fuwele akiivaa, mikia husimama pande zote. Hakuna kinachomtoka wala kinachomgusa. Anabaki na kimo chake.

"Ya Nyalusi iko wapi?"

"Ameivaa Mgaya. Kwa ukubwa ule, hata mbili hazimfuniki."

"Na hii?"

"Ni yako."

"Kwani na mimi ni fuwele?"

"Tangu ulipovua viatu."

"Nisipoivaa?"

"Nyuzi mia na themanini," alisema Kipimajoto, na nikaona amejibu.

Niliichukua. Nyalusi alikuwa ameyeyuka hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Inua mikono."

"Ina upupu?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka jana sweta niliyompa ilikuwa nao.

"Haina. Inua mikono, bwana."

Akainua. Mikia ikasimama, na mguu wake uliokuwa ukiondoka ukatulia pale pale. Mimi nikahisi ubaridi kwenye kidole gumba cha mguu. Nilipoangalia, kilikuwa kimeshatangulia mlangoni, kumfuata Mgaya. Kidole cha pili kilikuwa kinaniaga.

"Mwalimu," Nyalusi aliita kutoka ndani ya sweta, "si uzime jiko?"

Kipimajoto alifikiri kidogo.

"Hakuna aliyewahi kuomba," alisema.

Akaanza kushuka. Mia na hamsini. Tisini. Sitini. Kila kitu kikasimama kilipofika: Mgaya darini, kidole changu kizingitini. Alipofika ishirini na mbili, kengele ya kuamka ikalia.

Nikavaa upesi tuende paredi. Suruali yangu, ambayo jana ilinikaa sawasawa, ilikuwa inaburuza sakafuni. Nikaipandisha kiunoni, ikaburuza vilevile. Nikainama kuikunja.

Kwenye kitanda cha jirani Nyalusi naye alikuwa ameinama, anakunja mguu mmoja wa suruali yake.

"Yako mikunjo mingapi?" aliuliza.

"Mmoja."

"Mimi miwili."

Nikapiga goti, nikamkunjia mguu wa pili.