Mifugo ya Pipa la Bluu

Kuanzia Dutwa mpaka Kasoli, Domitila alipenda kujitapa, hakuna mfugaji aliyewahi kumfikia: mifugo yake ilikuwa mamilioni. Kisha aliongeza mwenyewe, kabla hujamwuliza, kwamba mifugo hiyo haionekani kwa macho, inakaa kwenye pipa la bluu, na ng'ombe wa kuonekana alibaki nao wawili tu, mmoja chongo.

Watatu walikuwa wamekufa masika. Walikunywa lamboni, wakaanza kutetemeka miguu, wakaanguka mmoja mmoja. Juu ya lambo kulikuwa na karasha la Danford, mashine aliyosagia mawe ili ainase dhahabu yake kwa zebaki. Mvua ilipobomoa ukingo wa bwawa lake la tope, tope lote likateremkia kwenye maji ya watu. Karasha likasimamishwa, lambo likafungwa, na wanawake wakaanza kufuata maji kilomita saba huku Danford akiwapita na pikipiki, anapiga honi.

Ndipo akaja Harieth, mtaalamu kutoka chuo, na mapipa mawili. Alieleza kwamba kwenye matope kuna vijidudu wadogo kuliko chembe ya unga. Wakilishwa molasi, ile shira nyeusi ya miwa, na kukorogwa kila siku wanaikamata zebaki, na maji ya lambo yakipitishwa humo polepole yanatoka sumu imepungua.

"Kumbe ni mtindi!" Domitila akadakia. "Unabakiza kidogo kwenye kibuyu, unautunza usife."

Harieth akacheka, akamkabidhi mwiko.

Domitila aliwatunza wiki tatu. Pipa likatoa povu, likanuka matope na uchachu, naye kila asubuhi akawasalimia, "Mwangaluka, wanangu." Halafu Danford, kwa kuwa ndiye aliyeamriwa kununua molasi, akazungushia mapipa senyenge na kutia kufuli.

"Pumzika, mayu," alimwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Kazi hii inataka vijana."

Miezi miwili ikapita. Siku moja watu wakakusanyika lamboni, kwa sababu Danford alitaka lifunguliwe. Likifunguliwa, naye angewasha karasha lake. Majibu ya maabara kuhusu maji ya lambo hayakuwa yamerudi, lakini mwenyekiti wa kijiji, Sylvester, alishachomoa kalamu atie saini kibali. Ng'ombe wa watu, na yule chongo wa Domitila akiwemo, walikuwa wameshanusa maji, wanavuta kamba.

Domitila akainamia pipa. Hakuna povu. Hakuna harufu. Maji yametulia kama ya tanki la mvua. Hasira ikampanda.

"Wamekufa," akasema. "Umewaua kwa njaa, Danford, kama ulivyoniulia ng'ombe wangu."

"Mayu naye kwa ubishi! Harufu imeisha kwa kuwa kazi imeisha. Nimewalisha kila siku, nimewakoroga kwa mkono huu."

"Kwa macho siwezi kujua, bibi," Harieth akasema taratibu. "Lazima nipeleke na sampuli ya pipa hili maabara, Mwanza."

"Na kalamu ya mwenyekiti itaisubiri hiyo sampuli?" Domitila akauliza.

Sylvester akakohoa, akatazama karatasi yake.

Domitila alikuwa na matusi yamepanga foleni mdomoni, ya Kisukuma na ya Kiswahili. Akayameza yote. Akajikunja mgongo kuliko alivyohitaji, akalegeza sauti.

"Basi nisamehe, baba, ni uzee. Niambie kitu kimoja tu roho yangu itulie. Wale majike walipozaa, uliwahamishia pipa la pili, kama mtaalamu alivyotuagiza siku ile?"

Siku ile ya maagizo Danford alikuwa pembeni na simu sikioni, mwanzo mpaka mwisho.

"Niliwahamisha," akajibu bila kupepesa macho. "Wote, mayu. Na vitoto vyao."

Harieth akamgeukia polepole.

"Vijidudu hawa hawana jike wala dume, Danford. Mmoja anajigawa, wanakuwa wawili, basi. Sikuagiza kuhamisha chochote. Wewe ulihamisha nini?"

Danford akatazama pipa la kwanza, akatazama la pili. "Nilikuwa na maana kwamba..."

"Mwacheni aseme," Domitila akadakia, mgongo umeshanyooka. "Hebu tuambie, baba. Ulihamisha majike wangapi?"