Kabari ya Taruma

Watu wa mtaa walimcheka Melkizedeki mpaka wakachoka. Mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye wajukuu, anajifungia chumbani kucheza treni! Wengine walisema ni akili, imeguswa tangu ile ajali. Wengine, wale wanaojifanya wana huruma, walisema afadhali treni kuliko pombe. Melkizedeki aliwasikia wote, akarudi chumbani. Alikuwa na kazi.

Chumba chenyewe kilikuwa cha binti yake Asnath kabla hajaolewa. Kitanda kilikwisha kutolewa, na meza ya mbao ya mita nne ilikijaza toka dirishani hadi karibu na mlango, hata ukitaka kwenda upande wa pili unapita chini yake kwa magoti. Juu ya meza hiyo kulikuwa na kituo kizima cha kupakilia jasi, kile cha tambarare, chini ya mlima wa Suji, alikokuwa akifunga breki na kupanga mabehewa. Reli alizitengeneza kwa njiti za miavuli mibovu. Magurudumu ya mabehewa yalikuwa bobini za cherehani. Kresha la kusagia mawe lilikuwa kopo la siagi, likizungushwa na mota ya redio ya kaseti, nalo lilikwaruza kwa kelele iliyomfurahisha kuliko kwaya ya Pasaka. Mkanda wa kupandishia mzigo ulikuwa mpira wa ndani wa baiskeli. Jasi ilikuwa jasi ya kweli, unga wake na mawe yake meupe. Na mteremko wa reli aliupima kule kule kituoni, Jumapili moja, kwa mpira wa maji kama mafundi wa nyumba wanavyofanya, mlinzi akimtazama tu na kutikisa kichwa.

Hakuwa anacheza. Miaka sita nyuma, mabehewa matatu yaliyojaa jasi yaliteremka yenyewe kwenye kituo hicho yakambana rafiki yake Elibariki, aliyekuwa ameinama chini ya mteremko akipaka grisi kiungio cha behewa jingine. Alikufa hapo hapo. Breki ya mkono ya behewa la mbele ilikuwa imelika, na kila mtu alijua. Ndiyo maana amri ya kituo ilikuwa moja: ukishafunga breki, weka kabari chini ya gurudumu, pande la mbao lililokatwa kwenye taruma kuukuu la reli. Hiyo ilikuwa kazi ya Melkizedeki. Alisema aliiweka saa nne asubuhi, kabla ya kupakia, akaigonga nyundo mara tatu. Waliochunguza waliitafuta chini ya mabehewa, majanini, mtaroni, wasiione. Kama haipo, wakaandika, haikuwekwa. Wakamfukuza kazi.

Kazi hupotea, mtu akapata nyingine. Kilichomla Melkizedeki ni Devotha, mjane wa Elibariki. Mama huyu ndiye aliyekuwa akiwapikia wapakiaji makande pale pale kituoni. Baada ya maziko alirudi kwao Suji, na Melkizedeki alipanda mlima mara nne kwenda kumsalimu. Mara zote nne alikuta mlango umefungwa na moshi unafuka jikoni. Zamani Devotha alimwita shemeji. Tangu msiba hakumwita kitu chochote.

Na kulikuwa na jambo baya zaidi, ambalo hata mkewe Hedwiga hakuambiwa. Melkizedeki mwenyewe hakuwa na hakika tena. Mikono yake iliikumbuka nyundo, lakini nyundo ya siku ile, au ya jana yake? Ndipo akajenga meza. Na meza ikamjibu. Bila kabari, mabehewa yake yaliondoka kwenye kijiko cha pili tu cha jasi. Yakiwa na kabari, yalisimama mpaka yakajaa. Siku ya ajali yalisimama toka saa nne hadi saa nane mchana. Kwa hiyo kabari ilikuwepo! Alirudia mara thelathini, na meza haikubadili neno. Siku hiyo alilia, mlango ukiwa umefungwa.

Alimpelekea habari Mzee Fredrick, mzee wa kanisa kule Suji. Mzee aliguna, kisha akasema, "Nitamleta Devotha ajionee kwa macho. Jumamosi, saa saba. Ukinitia aibu, Melki, usinijie tena."

Jumamosi ilipofika, Hedwiga aliamka akiimba. Akafagia uwanja mara mbili, ingawa upepo wa Same ulirudisha kila alichofagia. "Leo jina letu linaoshwa," alisema, akikanda unga wa maandazi.

Ilibaki kabari yenyewe. Zile za majaribio zilikuwa za mbao ya sanduku. Kwa leo Melkizedeki alitaka ya kweli, akaichonga kutoka kwenye kipande cha taruma kuukuu, ndogo kama jino. Saa tano na nusu ilikuwa tayari, ila ilinata vidoleni kwa lami, ile wanayopaka mataruma yasioze. Akaisogeza kwenye kaa la jiko alipokuwa akipasha chuma cha kulehemu, ikauke kidogo. Ncha yake ikashika moto. Moshi mweusi ukapanda, na chumba kikajaa harufu ya lami.

Akaipuliza, akaizima, kisha akabaki ameishika. Mate yalikuwa yamemjaa mdomoni, na hakuelewa kwa nini. Halafu akaelewa. Harufu ile aliwahi kuila.

Makande. Siku ile ya ajali makande yalinuka lami. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha siku mbili, kuni zimelowa, mahindi yamegoma kuiva, na wapakiaji wanagonga sahani zao kwa njaa. Yalipopakuliwa hatimaye, Elibariki alionja kijiko cha kwanza akasema, "Jamani, leo mke wangu katupikia reli!" Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Melkizedeki aliutunza utani ule kama neno la mwisho la rafiki yake. Aliusimulia hata msibani. Miaka sita, na hakujiuliza hata siku moja zilikuwa kuni gani.

Jiko la Devotha lilikuwa hatua sita kutoka behewa la mbele. Melkizedeki alikuwa amelijenga pia mezani, kwa kuwa hakutaka kuacha kitu: mafiga matatu ya kokoto, na sufuria ya kizibo cha soda.

Lakini kama kabari ilitolewa kabla ya chakula, mabehewa yalisubirije? Yangeondoka wakati huo huo. Melkizedeki aliokota jiwe dogo la jasi akalitia chini ya gurudumu, mahali pa kabari. Akapakia. Mabehewa yakasimama. Akaendelea, kijiko baada ya kijiko, mpaka cha mwisho kabisa, kile ambacho siku ile kilimwagwa saa nane, watu wakiwa wamekwisha kula na kurudi kazini. Jiwe likasagika. Mabehewa yakateremka mpaka chini yakagonga kizuizi. Mahali pa jiwe palibaki unga mweupe juu ya unga mweupe, na hata yeye aliyeliweka hakuweza kuuona.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Devotha hakuwa mzembe. Alichukua mbao na kuweka jiwe, tena bila shaka alilisukuma kwa mguu kuona kama limekaza. Mtu aliyezaliwa Suji, kwenye mawe yanayovunja nyundo, nani angemwambia kuwa jiwe la tambarare linakwanguliwa kwa ukucha?

Melkizedeki akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Je, Devotha anajua? Kama hajui, ni nani atakayemwambia mjane kwamba mumewe aliuawa na kuni za makande? Na asipomwambia, Hedwiga aliyeamka akiimba atamweleza nini? Melkizedeki aliona hasira pia, tusimfanye malaika. Miaka sita ya milango iliyofungwa! Alifungua dirisha harufu itoke, upepo ukaingia na kurusha jasi chumba kizima. Akalifunga haraka. La kuvunda halina ubani, walisema wazee, na lami nayo ni hivyo hivyo.

Saa saba kasoro wakabisha hodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Melki. Tumefika." Mzee Fredrick alikuwa na koti lake la ibada. Nyuma yake alisimama Devotha, amekonda, khanga imefungwa kiunoni kama mtu aliyekuja kulima. Aliitikia salamu ya Hedwiga. Ya Melkizedeki aliipita.

Aliingia chumbani akasimama mlangoni. Puani kwake kuna kitu kilitokea, Melkizedeki alikiona, kisha uso ukafunga tena. Macho yake yakatembea juu ya meza polepole: kresha, mkanda, mabehewa. Yakafika kwenye mafiga matatu na kizibo cha soda, yakakaa hapo.

"Haya," alisema Mzee Fredrick. "Tuonyeshe."

Melkizedeki alipita chini ya meza, akawasha kresha upande wa pili. Likakwaruza. Alivuta breki ya mkono ya behewa la mbele, kipande cha mpira kilicholika, akaanza kueleza kwa sauti isiyo yake. Kabari ilikuwa ndani ya ngumi yake ya kushoto, bado ina joto, au alidhani hivyo.

"Sasa iweke kabari, baba Asnath," Hedwiga alimhimiza kutoka mlangoni, sahani ya maandazi mikononi, uso wote unang'aa. "Waone!"

Melkizedeki alimtazama mkewe. Alimpenda sana dakika ile, na alijua anachokwenda kumfanyia.

Akamwaga kijiko cha kwanza cha jasi. Akamwaga cha pili. Mabehewa yakatikisika, yakaondoka, yakateremka yakiongeza mwendo, yakapita juu ya alama ya chaki aliyoiweka mahali alipokuwa Elibariki, yakagonga kizuizi. Behewa moja likapinduka, jasi ikamwagika.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa," alisema. "Sikuiweka. Nilisahau."

Sahani ilianguka. Andazi moja lilibingirika mpaka chini ya meza.

"Melki!" Hedwiga alisema. "Mume wangu, unasema nini?"

"Nilisahau, mama Asnath. Nimeijenga yote hii, na jibu ndilo hilo."

Mzee Fredrick alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. "Basi," alisema kwa uchovu. "Tumesikia. Ni vizuri umesema ukweli, ingawa umechelewa. Devotha, mwanangu, twende zetu. Tutaomba kwanza."

Akainamisha kichwa. Devotha hakuinamisha.

"Yalisimama," alisema.

Mzee akafumbua macho. "Nini?"

"Mabehewa. Haya yake yameondoka kijiko cha pili. Yale yalisimama mpaka wakala. Mpaka wakanawa mikono na nikakusanya sahani." Alikuwa anaongea na meza. "Humu ndani mmechoma nini?"

"Waya," Melkizedeki alijibu upesi. "Nilikuwa nalehemu waya."

Devotha alipiga magoti, mama wa miaka hamsini na mitano, akapita chini ya meza kati ya maandazi yaliyoanguka, akatokea upande wa Melkizedeki. Alisimama mbele yake. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita alimtazama usoni. Kisha akanyoosha kiganja.

"Lete ulichoshika."

"Hakuna kitu."

"Lete."

Kresha lilikuwa bado linakwaruza. Melkizedeki akafungua ngumi. Kabari ilikuwa hapo, imeungua ncha, na imemwachia doa jeusi kiganjani.

Devotha aliichukua kwa vidole viwili. Hakuipeleka kwenye reli. Aliipeleka kwenye mafiga matatu, akainua kizibo cha soda, akaichomeka chini yake kwa uangalifu, kama mtu anayechochea moto. Kisha akaokota jiwe jeupe la jasi, akaliweka mahali pa gurudumu la behewa la mbele, akalisukuma kwa kidole kuona kama limekaza.

"Nilijua jioni ile ile," alisema. "Nilipotoa majivu ya mbao ile."

Nje upepo ulitikisa bati.

"Kuni zilikuwa mbichi, shemeji."